Nyumba ina dalali, mwenye nyumba anakutaka wewe: njia nne za kuingia

Simu iliita saa 1 jioni, namba ngeni. Nikaamkia, nikaitikiwa. "Marahaba mwanangu. Namba yako nimepewa na jirani yangu aliyehamia Segerea. Nina nyumba yangu hapa Tabata Kimanga, naiuza, lakini huyo dalali niliyempa simwelewi. Njoo uichukue wewe."

Kesho yake nikaenda. Ukutani, pembeni ya geti, kumeandikwa INAUZWA kwa rangi nyekundu, herufi zimechuruzika kwa chini kama mtu aliyepaka huku mvua inanyesha. Chini yake kuna namba ya simu ambayo sikuhitaji kuisoma mara mbili. Mwenye namba ile ninamjua. Tumekaa naye kijiweni, tumeazimana nauli, tumeshawahi hata kugombana juu ya mteja mmoja wa chumba na sebule.

Madalali wengi tunateleza hapohapo getini. Kuna wanaosema biashara haina rafiki, wanapiga picha wanaondoka na nyumba. Kuna na wale wanaoogopa maneno, wanaaga kwa heshima na kumwacha mama wa watu na dalali asiyepokea simu. Katikati ya hao kuna njia nne, kila moja ina mahali pake, na makala hii inazipanga upande kwa upande. Nimeziandika kwa macho ya dalali wa Dar es Salaam, lakini mwenye nyumba anayetaka kubadilisha dalali atajiona humu pia.

Kwanza jua unaitiwa nini

Usilinganishe njia yoyote kabla hujajibu maswali manne. Ukikosea hapa, hata njia iliyo safi itakuchafua.

La kwanza: anayekuita ndiye mwenye nyumba? Nimelitanguliza kwa sababu kesi nyingi za "kumnyang'anya mwenzako nyumba" si za madalali kabisa, ni za familia. Baba amefariki, nyumba imebaki Magomeni, watoto ni 5. Kaka mkubwa amempa dalali wake, dada aliye Mwanza amempa wa kwake, na sasa mdogo wao anakupigia wewe akisema "huyo dalali wa kaka ni mwizi." Katika hali hiyo hakuna nyumba ya kuchukua. Mwenye uwezo wa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya usimamizi ndiyo unayotakiwa kuiona, siyo machozi ya mdogo mtu. Hivyohivyo kwa mke na mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya wanandoa isiuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mume alimpa dalali wa kwanza, mke anakuita wewe: usiulize nani dalali bora, uliza kama hao wawili wanaongea.

La pili: mwenzako ameshika nini mkononi? Huenda aliambiwa tu kwa mdomo "nitafutie mteja", kama walivyoambiwa wengine wanne. Huenda ana maandishi yanayosema yeye peke yake ndiye dalali wa nyumba ile kwa miezi 3 au 6. Au alikuwa nayo hayo maandishi na muda umepita, ila rangi ya ukutani haijafutwa. Ukutani hali zote tatu zinafanana, ndiyo maana lazima uombe kuona karatasi.

La tatu: kuna mteja aliyeshatoa kianzio? Kama yupo, simama hapohapo. Nyumba iliyopokelewa hata milioni 5 za awali haihitaji dalali mpya, inahitaji wenyewe wamalizane. Ukiingiza mteja wa pili humo, unasaidia nyumba iuzwe mara mbili, na polisi hawatakuuliza ulikuwa dalali wa ngapi.

La nne, na hili ujijibu wewe mwenyewe maana hakuna shahidi: nani alianza? Mwenye nyumba alikutafuta, au ni wewe uliyeona bango la mwenzako, ukagonga geti na kusema "mama, mbona nyumba inakaa muda mrefu hivi?" Hayo mawili yakifika mahakamani au kijiweni hayahesabiwi sawa.

Vipimo nilivyotumia

Njia zote nne nimezipima kwa mambo matano yaleyale: mkataba uliopo unaachwa salama kiasi gani, mwenye nyumba anafaidika nini, jasho la dalali wa kwanza linalipwaje, wewe unapata nini na baada ya muda gani, na njia yenyewe inamfaa nani.

Jasho nimelitaja peke yake kwa makusudi. Watu wa nje wanaona dalali analipwa kwa kufungua mlango. Hawaoni siku 14 za kupeleka wateja wanaotaka "kuangalia tu", mafuta ya bodaboda, matangazo ya kulipia, na ile kazi ya kumweleza kila mtu kwamba hapana, choo hakiko nje.

Kuhusu sheria, majirani zetu wa Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi inayosajili mawakala. Mwenzako akikuchezea, una mahali pa kumpeleka. Sisi huku tunachoegemea hasa ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yenye sehemu nzima juu ya wakala na anayemtuma. Na tuna kijiwe, ambacho hukumu zake hazina rufaa.

Njia ya 1: Kusubiri mkataba wake uishe

Unamwambia mwenye nyumba: nimekusikia, mkataba wako unaisha tarehe fulani, siku inayofuata nipo hapa asubuhi. Siku za katikati huonyeshi, hupigi picha, huiweki hata kwenye status ya WhatsApp.

Mkataba uliopo. Hakuna njia inayouheshimu zaidi ya hii. Marekani, chama kikubwa cha mawakala wa nyumba, National Association of Realtors, kina kanuni za maadili tangu 1913, na kifungu chake cha 16 kinamzuia mwanachama kuifuata nyumba ambayo mwenzake anayo kwa mkataba wa wakala mmoja. Kinachonivutia ni mlango mdogo uliomo ndani ya kanuni hizo: mwenye nyumba akikutafuta mwenyewe, bila wewe kumchokonoa, mnaruhusiwa kuzungumza masharti, na hata kutia saini makubaliano yatakayoanza pale ya kwanza yanapokwisha. Mlango huo nimeuazima. Mwenye nyumba anayenipigia huwa namwandikia kabisa: "kuanzia tarehe 1 mwezi ujao", na kabla ya tarehe hiyo simjui.

Mwenye nyumba. Anatulia, maana hawezi kudaiwa kamisheni mbili. Ila muda unaenda. Kama benki inamkata riba kila mwezi, au ada za watoto ndizo zinazomuuzisha nyumba, kumwambia asubiri miezi 4 ni sawa na kumfukuza.

Jasho la wa kwanza. Anapata muda wake wote. Akiuza siku ya mwisho saa 11 jioni, ni halali yake.

Wewe. Hupati kitu kwa muda huo, na ukibahatika vibaya hupati kabisa, hata nauli ya siku ile uliyokwenda kunywa chai.

Inamfaa nani. Dalali mwenye nyumba nyingine za kumweka mjini, na mwenye nyumba ambaye mkataba wake umebakiza wiki chache. Zikiwa zaidi ya 8, sijawahi kuona mtu akisubiri kweli. Wanachofanya ni kuonyesha kimyakimya wakiomba Mungu mteja asiseme.

Njia ya 2: Kuingia kwa mlango wa mwenzako

Hii ni kumpigia dalali wa kwanza, kumweleza kuwa mwenye nyumba amekutafuta, na kukubaliana mfanye kazi pamoja mgawane kamisheni. Kabla ya kupiga, muulize mwenye nyumba kama unaruhusiwa kumtaja. Alikupigia wewe kwa siri, na mjini hapa siri ya mtu mzima ikivuja haifutiki kwa rangi.

Simu yenyewe ina namna yake. Usianze na "mama amekuchoka." Mimi huanza hivi: "Kaka, ile nyumba ya Kimanga, mwenyewe amenipigia. Sijaonyesha mtu. Nimeona nikwambie kwanza. Tunaifanyaje?" Atakaa kimya kidogo. Mwache akae kimya, anameza. Mara nyingi kinachofuata ni maelezo ambayo mwenye nyumba hakuwahi kuyasikia.

Mkataba uliopo. Unabaki wa kwake, wewe unaingia kama msaidizi wake. Havunji mtu kitu.

Mwenye nyumba. Anapata miguu minne kwa bei ya miwili, maana kamisheni ni ileile. Sharti ni bei moja, tangazo moja, namba moja ya kupigiwa. Vinginevyo ataanza kusikia bei za nyumba yake kutoka kwa wapita njia.

Jasho la wa kwanza. Linalipwa, na linalipwa kwa hesabu. Tuseme nyumba imeuzwa milioni 180 na mmekubaliana na mwenyewe asilimia 5. Hiyo ni milioni 9. Nusu kwa nusu kila mtu anaondoka na milioni 4 na nusu. Kama yeye ameshaleta watu wengi na tangazo ni lake, 60 kwa 40 ni haki: milioni 5.4 kwake, 3.6 kwako. Kama yeye alichofanya ni kupaka ukuta tu, mgeuze hesabu, na mwambie kwa nini.

Wewe. Unapata pungufu, ila unaanza leo. Hatari iko kwenye mdomo. Niliwahi kukubaliana nusu kwa nusu na mwenzangu, nyumba ya Goba, kwa neno tu na kushikana mikono. Nikaleta mteja, akapenda, akarudi na mkewe. Baada ya wiki mwenzangu akaniambia mteja ameahirisha, pesa zimekwama. Miezi miwili baadaye nikapita njia ile na mteja mwingine, nikamkuta "mteja aliyeahirisha" uani, kaptula na ndala, anamwagilia mchicha. Alinisalimia vizuri sana. Yeye hakujua kitu, alishalipa kamisheni yote kwa mtu mmoja. Tangu siku hiyo naandika ujumbe wa WhatsApp kabla ya kuonyesha mtu yeyote, wenye jina la mteja, nyumba na mgawo, na nasubiri ajibu "sawa". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaipa uzito meseji kama hiyo, na mwenzako akijua umeiandika anakuwa mkweli mapema.

Inamfaa nani. Dalali wa kwanza ambaye hana ubaya, ana upungufu: anaumwa, amesafiri, amefiwa, au wateja wake ni wa nyumba za kupanga na hii ni ya kuuza. Haimfai yule ambaye mwenye nyumba hataki kumwona tena. Ukimrudisha kwa mlango wa nyuma, mama atajua umemsaliti yeye.

Njia ya 3: Mwenye nyumba amfute kwa barua, ndipo uingie

Hii nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo watu wanayoiita kunyang'anya, na ikifanywa vizuri si kunyang'anya hata kidogo.

Mkataba uliopo. Sheria ya Mikataba inamruhusu anayetuma kumfuta wakala wake kabla kazi haijatimia. Haimruhusu kumfuta bure. Kama muda uliwekwa na anamfuta katikati bila sababu ya kutosha, anapaswa kumfidia, na lazima atoe taarifa kwa muda unaofaa. Kuna kipengele kimoja wengi hawakijui: kwa upande wa wakala, kufutwa kunaanza pale anapojua amefutwa. Barua iliyobaki kwenye droo ya kabati haijamfuta mtu. Kwa hiyo barua itoke, ifike, asaini nakala. Akigoma kusaini, ipelekwe mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na itumwe pia kwenye simu yake. Tiki mbili za bluu hazitoshi peke yake, ila zinasaidia.

Barua ni ya mwenye nyumba. Wewe usiiandike, usiichape, usimpeleke stationery. Sababu ni ya zamani. Mwaka 1853 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Lumley na Gye: mwimbaji wa opera, Johanna Wagner, alikuwa na mkataba wa kuimba kwenye ukumbi wa Lumley, Gye akamvuta kwa ahadi ya pesa zaidi aje kwake. Mahakama ikasema anayemshawishi mtu avunje mkataba wake naye anaweza kudaiwa, si mvunjaji peke yake. Sheria za Kiingereza zilifika Tanganyika zikiwa na mzigo huo ndani. Ukimpa mama kalamu na maneno ya kuandika, wewe ndiye Gye, ila bila opera.

Mwenye nyumba. Anakuwa huru kweli, na anaanza upya na mtu mmoja anayejibu simu. Gharama yake ni fidia kama ipo, na usumbufu wa kumtazama mtu usoni. Kwa wazee wetu wengi huo usumbufu ni mzito kuliko fidia, ndiyo maana wanapenda wewe uingie tu "atajua mwenyewe." Mweleze kwa upole kwamba hatajua mwenyewe. Atajua kwa kukukuta sebuleni na mteja.

Jasho la wa kwanza. Watu wanakiruka kipengele hiki, na ugomvi wote huzaliwa hapo. Mwenye nyumba amwombe dalali anayeondoka orodha ya watu aliokwishawaonyesha nyumba, majina kamili, ndani ya siku 7. Yeyote aliye kwenye orodha hiyo akinunua ndani ya miezi 3, kamisheni ni ya wa kwanza, yote au sehemu, kama watakavyoandikiana. Nje ya orodha na nje ya muda, ni ya kwako. Bila orodha, kila mteja utakayemleta atageuka kuwa "yule niliyemwonyesha mimi mwezi wa pili." Ongeza na gharama zinazoonekana: kama alilipia bango au tangazo, arudishiwe. Ni laki moja au mbili, zinanunua amani ya mwaka mzima.

Picha pia ni zake. Kukata namba yake kwenye picha na kubandika yako ni wizi mdogo wenye ushahidi mkubwa, na picha zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Nenda kapige zako. Nyumba ikipigwa picha saa 4 asubuhi mapazia yakiwa wazi, ukiilinganisha na zile za usiku za mwenzako, utaona kwa nini haikuuzika.

Wewe. Unachelewa wiki 2 au 3, kisha nyumba inakuwa yako kwa karatasi, na kamisheni ni yako nzima.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba mwenye sababu inayoelezeka. Simu hazipokelewi kwa mwezi. Wateja wanaletwa bila taarifa, wapangaji wanakutwa wamevaa khanga. Au dalali anaweka cha juu: mwenyewe anataka milioni 150, mtaani anatangaza 165, na hizo 15 mwenye nyumba hazijui. Cha juu cha siri ni kuvunja uaminifu kwa aliyekutuma, na hapo ni vigumu kusema amefutwa bila sababu. Lakini hakikisha kwanza. "Nimesikia anaweka cha juu" ni sentensi ambayo nasi tumesemwa nayo.

Njia ya 4: Kuingia sambamba

Nyumba iko wazi, kila dalali anaruhusiwa, atakayeleta mteja ndiye anayelipwa. Dar es Salaam hii ndiyo njia iliyozoeleka kuliko zote.

Kwa upande wa mkataba, hakuna unachovunja ikiwa kweli mwenzako alipewa kwa mdomo na bila upekee. Siyo hata kuchukua, ni kuongezeka. Mwenye nyumba anapata wigo mpana haraka, ila nyumba moja inaanza kuonekana Instagram kwa bei tatu, na mnunuzi mwenye pesa zake akiona hivyo anafikiria utapeli. Mji huu umefika mahali watu wanapaka kwenye kuta zao NYUMBA HII HAIUZWI, unadhani ni kwa nini? Jasho la wa kwanza linalindwa na desturi moja tu, kwamba mteja ni wa aliyemfikisha kwanza, na desturi hiyo inakufa pale mteja mwenyewe anapopiga namba tatu ili apate punguzo. Wewe unaweza kulipwa kesho au usilipwe kamwe.

Kwa nyumba za kupanga, njia hii inatosha. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, chumba kinajaa ndani ya siku chache, hakuna sababu ya kuandikiana kurasa 4. Kwa nyumba ya mamia ya milioni, mimi sina hamu nayo tena, ingawa nawajua wanaoishi nayo vizuri kwa sababu wana wateja wengi na miguu mepesi.

Kwa hali yako

Kama karatasi inaonyesha muda umeshapita, huhitaji ruhusa ya mtu. Mpigie tu mwenzako kumjulisha, muulize kama ana mteja aliye njiani, andika jina hilo, endelea.

Kama mkataba umebakiza chini ya mwezi na mwenye nyumba hana moto miguuni, subiri, huku mkiwa mmeshaandikiana kuanzia tarehe itakayofuata.

Kama umebakiza miezi na dalali wa kwanza ni mtu wa kuongea naye, mgawane. Ukisikia jina lake ukajua kwamba hata wewe ungempa mteja wako, ndiyo huyo.

Kama umebakiza miezi na uhusiano umeshakufa, barua. Mwenye nyumba akikataa kuiandika kwa sababu "hahitaji hayo yote", kaa pembeni. Anayekataa kumwandikia wa kwanza hatakuandikia na wewe siku yako ikifika.

Kama ni wewe uliyeanza kumfuata, hakuna njia kati ya hizi inayokusafisha isipokuwa ya 2, na hapo uwe tayari kupokea sehemu ndogo.

Kama wewe ndiye mwenye nyumba, kabla ya kumtafuta dalali wa pili, mtumie wa kwanza ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri, mpe siku 7 za kukueleza amefanya nini. Wengine huamka. Asipojibu, ujumbe huo ndio mwanzo wa sababu yako.

Na kama kuna kianzio kimeshapokelewa, au warithi hawajakubaliana, nenda nyumbani.

Kule Kimanga, mama alinitolea karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, miezi 3, zimebaki siku 19. Kwa hesabu yangu mwenyewe ilikuwa nyumba ya kusubiri. Lakini nilipoomba ruhusa ya kumpigia mwenzangu, mama akasema piga hapahapa niko nasikia, na simu ikapokelewa Singida. Alikuwa kijijini kwenye msiba wa kaka yake, mtandao unashika mtu akipanda kilimani. Ameshawaonyesha watu 6, majina yote yako kwenye simu yake, akanitumia jioni ileile. Tukakubaliana 60 kwa 40, mama akasikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia pole.

Ukutani bado ipo namba yake peke yake. Mteja akipiga, anapokea yeye kutoka huko kilimani, halafu ananipigia mimi nikafungue geti.